Kikombe cha Kiongozi wa Usalama

Nilisoma sekondari nikiwa na ndevu. Mchana nilikuwa fundi baiskeli pale sokoni Masasi. Ikikaribia saa kumi nanawa mikono kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, halafu kwa mchanga, na bado daftari langu la historia lilijaa alama za vidole kana kwamba nimekamatwa na polisi kila ukurasa. Tulisomea kwenye chuo kimoja kilichotuazima madarasa yake jioni. Wanachuo wa mchana wakitoka, sisi tunaingia: makarani, wauza mitumba, mafundi cherehani, na mama mmoja wa watoto saba aliyekuwa akinyonyesha huku anakokotoa sehemu. Tulikuwa arobaini na kitu. Nikisimulia kwa mdomo huwa nasema mia mbili, lakini hapa naandika, acha niiheshimu karatasi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Korosho, ambazo wazee wetu walizoea kuzipeleka kwenye chama cha ushirika tu, sasa zilinunuliwa na kila mwenye gari na mzani. Maduka yakajaa sabuni za rangi sita na bia za makopo kutoka nchi ambazo mwalimu wetu wa jiografia alizitafuta kwenye ramani akakata tamaa. Pombe ikawa rahisi kupatikana kuliko maji, na ukiwaambia hivyo watu wa Newala hawasemi umetia chumvi. Wanasema umechelewa kujua.

Chuo kikapata msukosuko. Binti mmoja wa masomo ya mchana aliamka baada ya dansi la kufungua muhula, hajui alifikaje alipolala wala nani alikuwa naye. Wanachuo wakamcheka wiki nzima. Wiki ya pili akafunga sanduku lake akarudi kwao, na aliyekuwa naye hakufunga chochote, alimaliza masomo. Ndipo wakubwa wa chuo wakaamua kwamba wanafunzi wote, wa mchana na wa jioni, tufundishwe habari za ulevi na za kuheshimu miili ya wenzetu. Kila Alhamisi, saa nzima, badala ya hisabati. Kwa sababu hiyo ya mwisho nililipenda somo hilo kabla sijalisikia.

Aliyetufundisha alikuwa nesi wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe. Siku ya kwanza aliingia tukamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mama nesi!" Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Nani kati yenu amewahi kulewa?" Darasa zima lilijaa watakatifu. Akatutazama, akasema, "Basi mimi nimekuja kuwafundisha malaika. Nani kati yenu ana jirani aliyewahi kulewa?" Mikono yote ikapanda, wangu nikapandisha miwili.

Sasa niseme habari ya wivu wangu, maana ndiyo hasa ninayoiandika.

Katika darasa lile kulikuwa na binti wa Lulindi. Amekulia misheni, anaimba sauti ya pili, anafanya kazi ya kupima na kufunga dawa kwenye duka la dawa pale mjini. Akicheka, nyati wa Ruvuma wangekuja kusikiliza. Nilimpenda tangu siku alipoleta baiskeli yake nimzibie pancha, nikamzibia, kisha nikaitoboa tena kwa siri ili arudi kesho. Alirudi mara nne. Ya tano akaenda kwa fundi mwingine.

Tatizo langu lilikuwa kwamba mimi ni Mmakua na yeye ni Mmakua, na kwa hiyo akaniita kaka. Nilikwenda hadi Chiungutwa kumuuliza mama kuhusu ukoo, ule tunaoufuata kwa upande wa mama na tunaouita nihimo. Mama akathibitisha kwamba nihimo yetu na yao ni mbalimbali kabisa, hakuna kizuizi. Nikarudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba mayai. Lakini utaanzaje kumwambia mtu, "Nimechunguza, mimi si kaka yako," wakati kila jioni anakusalimu, "Kaka, umeshindaje?"

Na kulikuwa na kijana wa Chiwata. Huyu alikuwa Myao, muuza mitumba, mrefu, anavaa shati lililopigwa pasi mpaka ukilishika unakatwa kidole. Yeye hakuitwa kaka. Yeye aliitwa mtani.

Wanaoijua kusini yetu hawahitaji kuelezwa. Mmakua na Myao, kwetu, ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mume hana. Mtani anaweza kukutukania pua yako mbele ya baba yako, na baba akacheka. Anaweza kukunyang'anya kofia, ugali, hata kiti ulichokalia, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Basi kila jioni nilikuwa nakaa dawati la nyuma nawasikiliza.

"Mtani, shati hilo umemvua maiti gani?"

"Maiti wa kwenu. Wamakua mnazikwa na nguo nzuri, mkiwa hai mnavaa magunia."

"Myao wewe, hata jina lako huwezi kuandika bila kuuliza."

"Na wewe ukija kuolewa na Myao utaandika majina ya watoto tu, mpaka kalamu iishe."

Darasa linaangua kicheko. Yeye anampiga kijana yule daftari begani. Mimi natabasamu kwa meno yote. Nilikuwa na vichekesho bora kuliko vyake mara kumi, lakini sikuwa na kibali. Kaka hatanii hivyo.

Kisha mama nesi akasema tuchague kiongozi wa usalama. Kazi yake ilikuwa hii: darasa likienda mahali penye kinywaji, yeye ahesabu tulioenda na tuliorudi, aangalie nani amezidiwa, asiruhusu mtu aliyelewa kuondoka na mtu mmoja tu, na yeye mwenyewe asizidi kikombe kimoja. Nikagombea. Nilitoa hotuba ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona ilistahili kupigiwa ngoma. Nilipata kura tatu, na ya kwangu ikiwemo. Kijana wa Chiwata alipata zilizobaki, bila hotuba, kwa kusema tu, "Nitajitahidi." Binti wa Lulindi alimpigia makofi kwa mikono iliyonyanyuliwa juu ya kichwa. Niliyahesabu yale makofi.

Alhamisi iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Mama nesi alitandika mkeka mbele ya darasa, akasema leo tunajifunza kumlaza mtu aliyezidiwa na pombe. "Msimlaze chali," akasema. "Akitapika akiwa chali, matapishi yanarudi kooni, mnamzika. Mlazeni ubavu. Goti la juu likunjeni limzuie asibiringike, mkono uwekeni chini ya shavu. Na msimwache peke yake hata kama anakoroma vizuri. Nani atakuwa mlevi?"

Mkono wangu ulipanda haraka kuliko wote, naapa. Lakini akasema, "Kiongozi aje, aoneshe mfano." Kijana wa Chiwata akalala chali, macho kayafumba, shati lake lile bila kunyanzi. "Na nani atamgeuza?" Binti wa Lulindi akasimama. Akapiga magoti, akamshika bega na goti, akamgeuza taratibu kuelekea kwake, akauchukua mkono wake, akauweka chini ya shavu lake. Ilichukua nusu dakika. Kwangu mimi misimu miwili ya korosho ilipita, miti ikachanua na kuzaa.

"Mtani, unanuka mitumba," akamwambia.

"Na wewe unanuka panadoli," mlevi akajibu bila kufumbua macho.

Mama nesi akaendelea kufundisha tukiwa tunacheka, na maneno yake nikayaandika kwa sababu nilihitaji mahali pa kutazama: Aliyelewa hawezi kukubali. Kucheka siyo kukubali. Kunyamaza siyo kukubali. Usinywe kikombe usichokiona kikimiminwa. Usimwongezee mtu ukali bila yeye kujua. Huo siyo mchezo, ni kumfunga mtu kamba asiyoiona. Niliandika yote. Nilipata alama za juu kwenye jaribio. Katika somo lile mimi ndiye nilikuwa wa kwanza darasani, na hili silitii chumvi hata punje.

Mwezi wa Novemba tukaalikwa Newala kwa mdahalo na darasa la jioni la huko. Tulikwenda na lori la korosho asubuhi, tukipanda ile milima kuelekea juu uwandani huku tunaimba. Nyuma yetu ilikuja pikapu nyeupe ya bwana mmoja, mnunuzi wa korosho aliyetoka mbali, aliyejitolea kutubebea kreti za soda. Tuliona ni ukarimu. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye saa nzito, na alimwita kila msichana "mtoto mzuri."

Mdahalo tulishinda, au tulishindwa, inategemea unamuuliza nani. Ulipoisha saa saba mchana, mwalimu wetu alikwenda kuwasalimia wakwe zake, akatuambia lori linaondoka saa kumi. Mimi nikasema kwa sauti kubwa, "Twendeni kwa shangazi yangu, hapo nyuma tu!" Shangazi yangu ameolewa Newala miaka mingi. Ilikuwa msimu wa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, na hakuna mwanamke uwanda mzima aliyekuwa anakamua mabibo akapata uraka mtamu kama shangazi. Uraka ni maji ya mabibo yaliyolala siku moja au mbili, unakunywa unachangamka, ukizidisha unaimba. Lakini shangazi alikuwa na kingine pia, chupa ya nipa, ile gongo inayotoneshwa kutoka kwenye mabibo hayohayo, nyeupe kama maji na kali kama talaka. Aliiweka nyuma ya mtungi kwa ajili ya mafundi waliomjengea jiko. Mimi nilijua inapokaa.

Tulikaa uani kwenye mikeka na magogo. Bwana wa pikapu naye akaja. Shangazi akaleta ndoo ya uraka, akachota, akanywa yeye kwanza mbele yetu, kama ilivyo desturi: aliyepika ndiye anayeonja, wageni waone kwamba hakuna ubaya ndani. Kisha akagawa. Vikombe vilikuwa vya bati, vyeupe, isipokuwa kimoja kikubwa cha kijani. "Hiki cha mkubwa wenu," shangazi akasema. "Nani mkubwa?"

Wote wakamwonyesha kijana wa Chiwata.

Kwenye uwanja wa shangazi yangu! Mtoto wa kaka yake nimekaa pale, na kikombe cha kijani kinakwenda kwa Myao!

"Shangazi, nipe nikusaidie kugawa," nikasema. Nikakichukua kikombe, nikaingia nacho jikoni kana kwamba nakisuuza. Huko Novemba hakuna mtu anayesuuza kikombe Newala, maji yenyewe yanatafutwa bondeni kwa miguu, lakini hakuna aliyenishangaa. Nikamimina nipa mpaka nusu. Nikatoka, nikajazia uraka juu, mbele ya macho ya watu wote. Mpango wangu ulikuwa mzuri na mfupi: kiongozi wa usalama alewe. Asizidi kikombe kimoja kama kanuni inavyosema, na kikombe hichohicho kimoja kimwangushe. Aimbe, atapike kwenye shati lile. Binti wa Lulindi amwone. Basi.

Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, "Asante, ndugu yangu." Akasimama. "Jamani, kikombe kimoja kwa kila mtu. Saa kumi nahesabu vichwa." Akakiinua.

Na binti wa Lulindi akaruka kutoka kwenye mkeka akamnyang'anya.

Nilikuwa nimekumbuka kila kitu isipokuwa utani. Jioni zote zile nimekaa nauonea gere utani wao, nimeuhesabu neno kwa neno, na siku moja niliyopaswa kuukumbuka ukanitoka kichwani kabisa. Mtani ana haki ya kikombe cha mtani wake.

"Myao hajui kunywa, Myao anajua kuuza!" akasema, na kikombe kiko mdomoni. Darasa likaanza kuhesabu kwa makofi, "Moja! Mbili! Tatu!" Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini nikisema acha, wataniuliza kwa nini. Nikaufunga. Alipofika katikati alikohoa, machozi yakamtoka, akapunga mkono kama anayesema nipisheni, akamaliza kwa sababu watu walikuwa wamefika kumi na mbili na hawakutaka kuacha. Akakipindua kikombe juu chini.

"Shangazi, uraka wako una pilipili!" akasema, na wote tukacheka. Na mimi nilicheka.

Haikupita robo saa. Kwanza alianza kuimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa anaimba ya kwanza. Kisha akataka kusimama, miguu ikakataa. Kisha akawa anacheka tu, kichwa kinaning'inia, ushungi umeteleza.

"Mtoto wa misheni kumbe tanki!" mmoja akasema.

"Kikombe kimoja tu? Huyu alianzia nyumbani."

"Ndio hawa, kanisani sauti ya pili, uani sauti ya kwanza!"

Ndipo mama yule wa watoto saba akageukia upande mwingine. "Na wewe kiongozi? Kikombe si chako hicho? Kiongozi gani anampa msichana kikombe chake halafu anasimama kutazama?"

"Alininyang'anya, mama. Mmeona wote."

"Tumeona mnavyochezeana kila siku. Labda ndivyo ulivyotaka."

  Darasa zima likamtazama kijana wa Chiwata kwa jicho ambalo mimi nilikuwa nimelitamani wamtazame nalo miezi mitatu. Yaani nilipata zaidi ya nilichoomba. Nilimtaka alewe, nikapewa mshukiwa. Sitaficha: kwa muda wa kufunga kamba za viatu, ilikuwa tamu. Tamu kuliko uraka wa shangazi.

Bwana wa pikapu akasimama, akajikung'uta suruali. "Msigombane, watoto. Lori halitoki mpaka saa kumi, na mtoto mzuri hawezi kubebwa kwenye lori na vumbi hivi. Lulindi iko njiani kwangu. Nampeleka mimi mpaka kwao." Alikuwa tayari ameshamshika mkono. "Si ndiyo, mtoto mzuri? Twende nyumbani?"

Binti wa Lulindi akacheka.

"Mnaona? Amekubali."

"Hapana," kijana wa Chiwata akasema. "Haendi na mtu mmoja. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani? Ya wewe uliyemlewesha?"

Watu wakaguna. Wengine wakasema, "Kweli, wewe kaa pembeni." Na yeye, mwenye shati la kukata vidole, kiongozi aliyepigiwa kura na wote, akarudi nyuma hatua moja. Mimi ndiye nililimaliza neno lake. Bwana yule akafungua mlango wa pikapu. Sijui alikuwa na nia gani moyoni. Nimeulizwa mara nyingi, na kila mara najibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba alifungua mlango, na kwamba miguu ya binti yule ilikuwa inakokota vumbi, na ndala yake moja ilibaki nyuma ikielekea kwetu.

Nikaiona ile ndala. Nikasikia ile sauti ya kufukuza ng'ombe: kucheka siyo kukubali. Nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri.

"Ni nipa!" nikapiga kelele. "Mwacheni! Ni nipa, nimeitia mimi! Nusu kikombe. Nilimtilia huyu Myao, siyo yeye. Mwacheni!"

Hata kuku walisimama. Mtu akauliza, "Nipa?" kama anayeuliza kama mvua imenyesha. Kijana wa Chiwata hakunitazama kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, na mama wa watoto saba nyuma yake, na mafundi cherehani wawili nyuma ya mama. Bwana yule akautazama ule msafara, akaachia mkono. "Mimi nilitaka kusaidia tu," akasema. Hakuna aliyembishia. Alipakia kreti zake akaondoka mapema, hata soda mbili ambazo hazijanywewa alizichukua.

"Nusu kikombe, una hakika?" kijana wa Chiwata akaniuliza sasa. "Sema kweli, maana tunatakiwa tujue."

"Nusu. Labda na kidole kimoja zaidi."

Tukamlaza ubavu kwenye mkeka. Kijana wa Chiwata alishika bega, mimi nikashika goti. Nililikunja kama tulivyofundishwa. Mkono wake aliuweka chini ya shavu yeye, mimi sikustahili na nilijua. Mama wa watoto saba akamfunika khanga akakaa kichwani pake, hakubanduka. Alitapika mara tatu, na kwa sababu alikuwa ubavu, yote yalikwenda chini. Kila mara mimi nilizoa kwa mchanga.

 Shangazi akaingia ndani, akatoka na debe la maji, la mwisho, lile lililokuwa la kupikia siku mbili. Akalitua mbele yangu. "Muosheni uso. Akiamka vizuri anywe kidogo kidogo. Halafu wewe chukua madebe mawili, unajua bonde liko wapi." Akanikaribia sikioni. "Mimi nimeonja mbele ya watu. Watu wameniona nikionja. Halafu wewe ukapita nyuma ya mdomo wangu."

Hayo ndiyo aliyonilaumu. Nilikwenda bondeni. Ule mteremko wa Newala nimeusimulia kuwa wa maili ishirini, lakini ulitosha kwa urefu wake wa kweli. Nilipopanda na madebe mawili, mkono huu na huu, lori lilikuwa linangurumishwa na binti wa Lulindi alikuwa ameketi, anakunywa maji kwa kijiko kutoka kwa mama yule. Alinitazama. Hakuniita kaka. Nilikuwa nimeomba miezi mitatu asiniite kaka.

Alhamisi iliyofuata, mama nesi aliingia, tukamwamkia, akaitikia, akakaa bila kufungua daftari lake. Alikuwa ameshaambiwa. Nikadhani nitafukuzwa, na wakubwa wa chuo kweli walitaka hivyo. Lakini mama nesi alisema mwenye kuamua hilo awe aliyekinywa kile kikombe.

Binti wa Lulindi akasimama. "Asifukuzwe," akasema. "Akifukuzwa, watu watasema nililewa halafu fundi akafukuzwa, na baada ya mwezi watasahau la fundi. Abaki. Kila darasa jipya likianza, asimame pale mbele aseme alichofanya, kwa mdomo wake, bila vichekesho."

"Bila vichekesho?" nikauliza. Nilidhani natania. Hakuna aliyecheka.

"Bila."

Nikafanya hivyo, muhula baada ya muhula, mpaka nikamaliza mtihani wangu wa kidato cha nne na hata baada ya hapo, maana mama nesi aliendelea kuniita. Nilijifunza kulisema lile jambo kwa dakika sita, kavu kabisa. Wanafunzi wapya wanaanza kwa kutabasamu, maana uso wangu umeumbwa wa kuchekesha, na nikifika kwenye ndala wanaacha.

Walioana, bila shaka. Mtani na mtani, Lulindi, kanisani, na upande wa bwana harusi, wengi wao Waislamu, wakakaa uani kwa heshima. Nilialikwa. Nilipiga ngoma mpaka mikono ikavimba, nikacheka kuliko watu wote, na moyoni nilikuwa nimetafuna shati lile la pasi pamoja na vifungo.

Nikipita Lulindi mpaka leo huwa naingia kuwasalimu. Binti yule sasa ana watoto, wananiamkia, wananiita mjomba. Yeye ameshanisamehe, ameniambia hivyo mwenyewe, na anarudi kunitania kidogo kidogo, kuhusu kipara. Kaka ameanza kuniita tena. Ananiletea soda, anaifungua mbele yangu, mlio ukasikika. Mimi nikimletea zawadi ya soda, ananipa kifungulio anasema, "Iweke mezani, kaka, nitaifungua mwenyewe." Anasema kwa upole. Sijawahi kumwona akinywa hata maji yaliyopita mkononi mwangu, na mimi simletei tena kitu kisicho na kizibo.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mume wake alirudi kutoka shamba la mikorosho amechoka, shati limekunjamana siku hizi, akachota maji kwenye mtungi. Akanywa nusu. Mkewe, huku anaongea nami habari za bei ya mbolea, alinyoosha mkono bila kutazama, akamnyang'anya kikombe, akanywa nusu iliyobaki.

Nilikihesabu kile kikombe. Kilikuwa mafunda manne.